Mti Umepatikana

Hatungimana alisema mbele ya mzee wa kanisa, mchana kweupe: kama uvimbe huu wa pili wa mke wake ni mtoto wa ule wa kwanza, mama wa mke aje amchukue akamuuguze kwao. Kama ni uvimbe mgeni, uliokuja kivyake, atabaki na mke wake na atamhangaikia mpaka apone. Aliyasema hayo ameshika chupa ya soda. Mzee Pastory akafikiri kidogo, akasema hayo ni maneno ya mtu mwenye haki.

Mama huyo anayetajwa ni mimi.

Scola, mwenye uvimbe, alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, anachambua mchele wa wageni. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Daktari anasema kipimo kitajua," Hatungimana akasema. "Tusubiri kipimo. Mimi si mtu mbaya."

"Si mtu mbaya," Mzee Pastory akaitikia, akaomba soda nyingine.

Scola ni kitinda mimba wangu. Aliolewa Gungu na huyu Hatungimana, fundi seremala, aliyezaliwa hapa hapa Kigoma ila wazazi wake walivuka kutoka Burundi. Mama yake, Ndayikunda, anaishi nao. Mwaka jana Scola alikatwa titi la kushoto. Akapona, kidonda kikafunga, akarudi Katonga kuanika dagaa. Mwaka huu mvua za masika zilipokwisha akagusa titi la kulia, akakuta kitu kigumu kama punje ya njugu. Ndipo nikafunga mlango wangu Ilagala, nikaja kukaa naye.

Sababu ya mkwe wangu kuuliza mtoto au mgeni haikuwa siri. Kulikuwa na mwanamke Mwandiga, muuza vitenge, aliyekwisha kumwambia kwamba yeye haingii kwenye nyumba aliyofia mke. Mke akitoka kwa miguu yake, hilo halina neno.

Kwa hiyo mwanangu alikuwa anasubiri kuambiwa kama atafia kwake, kwenye nyumba aliyoiezeka kwa dagaa zake, au ataondoshwa.

Ndayikunda yeye hakusubiri. Siku ya pili tu ya kufika kwangu aliniwahi uani nikiwa naosha masufuria.

"Mama Scola, nyinyi mlitupa mbuzi mwenye ugonjwa ndani."

"Mwenzangu, mimi sikuleta mbuzi kwenu. Nyinyi ndio mlikuja Ilagala na pombe ya ndizi, mkapiga magoti mpaka mkachafua nguo."

"Tulipigia magoti mzima! Matiti mawili, niliyahesabu kwa macho yangu. Sasa mwone anavyotembea. Kama mzani wa sokoni, jiwe limewekwa upande mmoja."

Scola alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akainama kidogo upande wa kulia.

"Nikiinama hivi, Mama, ndiyo nakusikia vizuri," akasema, akaendelea na ndoo yake.

Mwanangu alikuwa na mdomo. Hilo sikumfundisha, alizaliwa nalo.

Daktari wa kipimo alikuwa binti mmoja anaitwa Regina, mdogo hata kwa Scola, ametoka chuo kikuu na ana utafiti wake. Alituita wote hospitali ili aeleze kabla hajachoma sindano, na alieleza vizuri, maana hata mimi wa darasa la tatu nilielewa. Alisema saratani ni ukoo. Chembe moja ya mwili inaasi, inazaa, na watoto wake wanazaa. Kila wanapozaa wananakili maagizo ya mwili, na kila wanaponakili wanakosea kidogo. Kosa likishaingia, vitukuu wote wanalo.

"Sisi tunasoma hayo makosa," akasema. "Nyama ya uvimbe wa kwanza bado tunayo, imehifadhiwa kwenye nta. Tutachukua kidogo ya huu mpya tulinganishe. Wenye makosa yaleyale wametoka kwa mama mmoja. Halafu tunachora mti wao: shina, matawi, nani kamzaa nani, nani alihama mapema."

Hatungimana akasema hajaelewa. Regina akamgeukia mjukuu wangu Kaneza, ambaye mwaka huo alikuwa ameanza darasa la kwanza.

"Mtoto mzuri, ukichoka usiku unafanya nini?"

"Narara."

"Na mama akikuimbia?"

"Narara haraka."

Watu wakacheka. "Nani mwingine nyumbani anasema narara?"

Kaneza akamnyooshea kidole Ndayikunda.

"Mnaona?" Regina akasema. "Sikuambiwa nani kamlea huyu, lakini nimemjua. Kosa limeniambia."

Ndayikunda hakucheka. "Kwa hiyo mimi ndiye saratani?"

"Hapana, Bibi, nilikuwa natoa mfano tu."

"Mfano. Ego, ndiyo. Nimesikia."

Sindano ikachomwa, nyama ikachukuliwa. Tukaambiwa majibu yatachelewa, kwa sababu mashine ya kusoma iko mbali. Tulipotoka nje Scola akanishika mkono.

"Mama, omba uvimbe uwe mgeni."

"Naomba, mwanangu."

Na kweli niliomba. Asubuhi na jioni nilimwomba Mungu ampe mwanangu saratani mbili, isiwe moja.

Siku simu ilipopigwa, mimi na Scola tulikuwa Katonga tunageuza dagaa. Simu yake aliiacha nyumbani kwenye chaji, na nyumbani walikuwepo Ndayikunda na Kaneza basi. Tulipokaribia tukasikia vigelegele. Ndayikunda alikuwa katikati ya uwanja, mguu wake mbovu ameuburuta, mikono juu, anacheza.

"Umuti wabonetse! Umuti wabonetse! Imana ishimwe!"

"Kuna nini, Mama?" Scola akauliza.

"Daktari amepiga! Mungu asifiwe! Dawa! Dawa imepatikana! Amesema mwenyewe, nikamwambia rudia, akarudia. Twende Alhamisi."

"Amesema dawa?"

"Kwani mimi kiziwi?"

"Na uvimbe je? Ni mtoto au ni mgeni?"

"Wewe naye! Dawa ikiwepo, uvimbe unauliza kabila lake ili iweje?"

Scola akachukua simu, akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Mara ya tatu akaishika tu mkononi, akaiangalia, akairudisha kwenye chaji. Nikaona kwamba hataki tena kuuliza. Na mimi sikumsukuma.

Hatungimana aliporudi kutoka kazini, mama yake alimweleza kwa Kirundi. Yeye akamweleza Mzee Pastory kwa Kiswahili. Mzee Pastory akalitangazia kanisa zima Jumapili, kwa kipaza sauti, kwamba dawa ya saratani imepatikana, na wa kwanza kuipata hapa kwetu ni dada yetu Scola. Watu wakapiga makofi. Ibada ilipokwisha mama mmoja wa kwaya alimvuta Scola pembeni, akamwomba kama itabaki hata kidogo amwekee, dada yake yuko kitandani. Scola akamwahidi.

Wiki ile ndiyo mbaya kuliko zote, na wakati ule niliiona nzuri. Hatungimana alichinja mbuzi. Alikwenda Mwandiga mara moja, akarudi na uso wa mtu aliyeahirishiwa safari, lakini usiku alilala chumbani na mke wake, jambo ambalo hakulifanya tangu sindano. Ndayikunda alimpa Scola figo za mbuzi, akamlisha kwa mkono wake. Akamwita umukazana wanje, mkwe wangu. Akakaa kibarazani na sindano na uzi, akakata kipande cha kitenge kizuri, akashona kimfuko cha mviringo, akakijaza ulezi.

"Kiweke humu," akamwambia Scola, akimwonyesha upande wa kushoto. "Usiende kwa daktari umepinda. Watasema hatukutunzi."

Scola akakivaa. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akageuka upande huu, akageuka upande ule. Alikuwa amesuka nywele. Alikuwa mzuri, mwanangu. Nilikuwa nimeshasahau.

"Niko sawa, Mama?" Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Ndayikunda.

"Uko sawa kabisa."

Alhamisi tukaenda wote kwa bajaji, Kaneza tukamwacha kwa jirani. Ndayikunda alibeba chupa ya plastiki aliyoiosha kwa maji ya moto, ya kutilia dawa.

Regina alitupokea kwa furaha. Alikuwa na karatasi kubwa imekunjwa, na macho yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyefaulu mtihani. Tukaketi. Hata hajaanza, Ndayikunda akamtangulia.

"Umuti uri hehe?"

"Mama anauliza uko wapi," Hatungimana akasema.

"Huu hapa," Regina akasema, akaikunjua karatasi mezani.

Ilikuwa mistari. Mstari mmoja mnene chini, umepasuka juu ukawa miwili, na hiyo nayo imepasuka, na pembeni vijinamba vidogo vidogo. Ndayikunda akaiinamia, akaipindua, akatazama nyuma.

"Hii ni kombe? Inaoshwa halafu anywe maji yake? Binti, sisi ni Wakristo. Mambo ya kunywa maandishi wapelekee watu wa Ujiji."

Regina akacheka, alidhani anataniwa. "Si ya kunywa, Bibi. Huu ndio mti wenyewe. Si nilikwambia kwenye simu? Mti umepatikana."

Hatungimana akamgeukia mama yake taratibu.

Kwa Kirundi, na hata kwa Kiha chetu, umuti ni dawa. Ule unaoota ardhini ni igiti. Kila mmoja wetu pale alilijua hilo toka anatambaa, isipokuwa daktari.

"Mama. Alisema mti?"

"Alisema umuti."

"Alisema kwa Kiswahili, Mama!"

"Sasa nani alimwambia anisemeshe Kiswahili? Mimi nilimjibu kwa heshima. Nikamwambia, Mungu akubariki kwa huo umuti, naye akasema amina!"

"Nilisema amina," Regina akasema polepole. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Nilidhani... Jamani. Hakuna dawa iliyopatikana. Poleni. Poleni sana."

Scola hakulia. Aliweka mikono miwili juu ya karatasi, kama anaizuia isipeperuke.

"Basi tusomee, Daktari. Ni mtoto au ni mgeni?"

Regina akatafuta pa kutazama, akaona ni afadhali atazame mistari. "Hili ni shina. Tawi hili ndilo uvimbe wa kushoto tuliokata. Hili ni la kulia. La kulia lina makosa yote ya shina, halafu limeongeza ya kwake. Ni mtoto, dada Scola."

"Alitoka lini?"

"Mapema. Tulipokata titi la kushoto yeye alikuwa ameshahama zamani. Kwa makadirio tu, tuseme miaka sita hivi. Lakini nisikilizeni: vipo vidonge vya kuutuliza. Haviponyi, ila akivimeza vizuri, akala, akapumzika, akawa na watu wa kumtunza, anaweza..."

"Miaka sita," Ndayikunda akamkatiza. Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Kaneza alikuwa ananyonya."

"Bibi, hauambukizi kwa maziwa. Hata kidogo."

"Nani amekuuliza? Umeshasema mti, umeshasema dawa, umeshasema amina. Nyamaza sasa."

Hatungimana akasimama, akaliweka shati lake vizuri. "Umesema ni mtoto?"

"Ndiyo, lakini..."

"Nilitaka nisikie mara ya pili, lisije likawa neno jingine tena." Akatoka. Hakumtazama mke wake.

Tukabaki wanawake. Regina alikuwa anakunja karatasi. Halafu, kwa vile alikuwa mtoto na hakujua aseme nini, akasema aliyokuwa ameyapanga kusema tangu mwanzo: kwamba Scola akikubali wachukue na kipande kidogo cha mfupa wa nyonga, mahali anapolalamikia maumivu, mti utakamilika, na utasaidia wagonjwa wengine.

"Kata, Daktari," Scola akamwambia. "Wewe angalau kuna kitu unakitaka kwangu."

Nje, kwenye benchi la korido, Ndayikunda alikuwa anatungoja. Mwanawe alikuwa ameshatangulia kutafuta usafiri. Akanyoosha kiganja.

"Nipe ulezi wangu."

"Wa nini?" nikauliza mimi.

"Sisemi na wewe. Scola, nipe ulezi wangu. Sitaki chakula changu kikae hapo."

Watu wa foleni walikuwa wanatazama. Scola akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa kimfuko, akampa. Kilikuwa bado na joto lake. Ndayikunda akakata uzi kwa meno, akamimina ulezi wote kwenye ile chupa ya dawa, akaifunga kifuniko, akaenda zake huku inacheza kama kayamba.

Sisi tulichelewa kwa sababu ya kuchukua vidonge. Tulipofika Gungu wingu lilikuwa limefunga juu ya ziwa na upepo wa mvua umeanza. Kaneza alikuwa nje, kibarazani, amekalia begi la mama yake. Pembeni godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na ndoo, na beseni la dagaa. Madaftari yake ya shule yalikuwa ndani ya beseni.

"Bibi amesema na mimi niende," Kaneza akasema. "Amesema nimenyonya."

Scola hakuniangalia. Akampita mtoto, akafika mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na Hatungimana alikuwa ndani anakula. Scola akakaa chini kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu hii, miguu kwenye fremu ile.

"Scola, ondoka hapo," Hatungimana akasema.

"Anayetaka kupita aniruke."

"Tulikubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa nachambua mchele wenu."

"Usinitie aibu, majirani wanaona."

"Na waone. Mlango huu umeutengeneza wewe, mbao nimenunua mimi. Niruke."

Hakumruka. Kumruka mtu mzima aliyekaa, tena mke wako, ni jambo ambalo hata yeye lilimshinda. Akarudi kwenye sahani yake. Mzee Pastory akapita na baiskeli, akapunguza mwendo, akatusalimia wote kwa majina, akasema mvua inakuja, akakanyaga pedali.

Mvua ikaja kweli, ile ya kwetu inayotoka ziwani na kuanguka kwa mara moja. Ndipo Ndayikunda akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa ameenda chooni. Akaja anaburuta mguu, kanga imemganda mwilini, akafika kwenye kizingiti, akasimama. Kuruka hawezi, mguu hauinuki. Na kibaraza chetu hakina paa.

"Nipishe."

"Ruka, Mama."

"Scola, nipishe, nalowa!"

"Naona."

"Hatungimana! Hatungimana we! Njoo uone mke wako anavyonifanya!"

Scola alikuwa anamtazama tu kutoka chini, ametulia, kama mtu anayetazama dagaa wakikauka. Ndayikunda akatukana kwa Kirundi, akatukana kwa Kiswahili, akaanza kutetemeka. Mimi nilimfunika Kaneza kwa godoro. Ningeweza kumwambia mwanangu ampishe mzee. Sikumwambia.

Mwishowe Hatungimana akainuka, akanawa mikono kwanza. Akamshika Scola kwapani kwa nyuma, upande ule ule walikomshona, akamwinua. Scola akatoa sauti, si ya kulia, ni kama ya msumari unaong'olewa. Akamtua kibarazani kwa uangalifu, jinsi anavyosogeza benchi ambalo vanishi yake haijakauka, asije akajichafua. Akampa mama yake mkono, akamwingiza. Akafunga mlango. Tukasikia komeo.

Nikamwendea. Alikuwa amekaa kwenye maji, ameshika ubavu, mabega yanapanda na kushuka, nikadhani sasa ndiyo analia. Nikamwinua kidevu. Alikuwa anacheka.

"Umemwona, Mama? Ameloa mpaka kanga ya ndani."

"Nimemwona."

"Meno yalikuwa yanagongana."

"Nimeyasikia, mwanangu."

Akacheka tena, mpaka yale maumivu yakamkata, akavuta pumzi kidogo kidogo. Kisha akaegemea ukuta, akanipa mkono wa kulia.

"Nishike hapa, siyo hapo. Kaneza, beba beseni. Twendeni barabarani kabla bajaji hazijaisha."